Sanamu 10 za One Piece Kumamoto: siku moja haitoshi

Mkuu, umeuliza kama sanamu zote 10 za wahusika wa One Piece, manga (katuni ya Kijapani) ya maharamia, zinawezekana kwa siku moja kwa treni kutoka stesheni ya Kumamoto, Japani. Hapana. Panga siku mbili, na ya pili ukodi gari.

Hazikukusanywa mahali pamoja kwa sababu ziliwekwa kwenye maeneo yaliyoumizwa na matetemeko ya Aprili 2016. Oda, mchoraji wa One Piece, ni mzaliwa wa Kumamoto na alichangia pesa nyingi baada ya maafa. Luffy, mhusika mkuu, alisimamishwa Novemba 2018, Jinbe akafunga kazi Julai 2022. Ni za shaba nyeusi, na Luffy ana sentimita 174, kimo chake kile kile cha kwenye manga. Anayetarajia jitu la mita 18 kama Gundam, roboti wa Yokohama (aliyeondolewa 2024) atanuna.

Siku ya kwanza, panda tramu ya laini A. Shuka Shiritsu Taiikukan-mae, tembea kama dakika 20 hadi ofisi za mkoa alipo Luffy. Rudi laini hiyo hiyo uende bustani ya wanyama kwa Chopper. Hapo ni kwa kiingilio, na Jumatatu kwa kawaida hufungwa. Wengi hukwama hapa. Mchana chukua treni ya Misumi hadi Sumiyoshi, umfuate Jinbe ufukweni kwa miguu. Tazama kwanza saa ya treni ya kurudi.

Siku ya pili ondoka saa mbili asubuhi na uzunguke hivi: Brook (Mifune), Sanji (Mashiki), Nami (Nishihara), pita handaki la Tawarayama hadi Franky kwenye stesheni ya Takamori, panda kaskazini kwa Usopp mbele ya stesheni ya Aso, shuka magharibi kwa Robin, malizia na Zoro pale Ozu. Ukirukaruka badala ya kufuata mzunguko huu, unaweza kuvuka milima ya Aso mara mbili bure.

Kwa Robin usipige picha ukakimbia. Yuko kwenye iliyokuwa kampasi ya Chuo Kikuu cha Tokai, na jengo lililopasuliwa na ufa wa ardhi limeachwa lilivyo. Kumweka mwanaakiolojia wa hadithi mbele ya magofu halisi, hapo walifikiri. Kwangu ndiyo bora kuliko zote.

Usipopata gari, treni ya Hohi itakufikisha kwa Zoro (Higo-Ozu) na Usopp, na kwa Franky unabadilishia Tateno kuingia reli ya Minamiaso, iliyofunguliwa yote tena Julai 2023. Treni zake ni chache mno.

Kuhusu gari: Japani wanaendesha kushoto kama kwetu, hilo lisikutishe. Kinachowaangusha watu ni leseni. Kijitabu cha kimataifa lazima kiwe cha Mkataba wa Geneva wa 1949. Cha Vienna wa 1968 hakikubaliwi, na kaunta hawabembelezeki. Soma jalada lake kabla ya kusafiri. Mtoto chini ya miaka 6 lazima awe na kiti chake, kiagize wakati wa kukodi.

Picha: shaba nyeusi huufanya uso kuwa mweusi tii jua likiwa nyuma yake. Gusa uso kwenye skrini ya simu, kisha pandisha mwanga kidogo. Anga litaungua, acha liungue.