"The third degree": ni kubanwa kwa maswali, haihusu kuungua moto

Mkuu, umesema bosi wako mpya huko Marekani alikuuliza maswali lundo, kisha akakuomba radhi kwa kukupa "the third degree", nawe ukabaki kujiuliza kama ni habari ya shahada au ya kuungua. Hakuna kati ya hayo. Alikuwa anakiri kwamba alikubana mno. Bongo tungesema alikuweka kitimoto.

Chimbuko lake linaelezwa kwa kawaida kupitia Freemason. Wana madaraja matatu, na anayepanda la tatu, yaani "third degree", hupitia sherehe nzito kuliko mbili za kwanza. Humo huigizwa kisa cha Hiram Abiff, fundi wa hekalu la Sulemani, aliyebanwa na watu watatu atoe siri za ufundi, akakataa, wakamuua. Baadaye jina hilo likahamia kwa polisi wa Marekani, na huko ndiko lilikopata sura mbaya: mtuhumiwa ananyimwa usingizi, anamulikwa taa usoni, anapigwa kwa bomba la mpira ili asibaki na alama, mpaka akiri.

Tume ya Wickersham, iliyoundwa na Rais Hoover mwaka 1929, ilitoa ripoti mwaka 1931 ikisema wazi kwamba mambo hayo yameenea nchini. Mwaka 1936 Mahakama ya Juu ikafuta hukumu ya kifo ya wakulima watatu weusi wa Mississippi waliochapwa mpaka wakakiri mauaji. Mwaka 1944 ikaja kesi ya Ashcraft wa Tennessee: saa 36 za maswali, maofisa wakipokezana, yeye halali. Halafu kesi ya Miranda, mwaka 1966, hukumu iliyorejea ripoti ile ile ya 1931 na kumlazimu polisi amwambie mtuhumiwa haki zake kabla ya kumhoji akiwa kizuizini.

Mimi ni mkalimani wa Kiswahili mahakamani hukuhuku Marekani, na maneno "una haki ya kunyamaza" nimeyatamka mara nyingi sana. Mzee mmoja kutoka Kongo aliwahi kushangaa: polisi ndiye anayeuliza, mbona anamruhusu mtu asijibu? Swali zuri mno. Jibu lake ni wale wakulima wa Mississippi, na inaniuma kwamba wengi wanaosikia onyo lile hawajawahi kusimuliwa habari zao.

Kwa hiyo kwa bosi, au kwa baba mkwe anayekuchunguza ukoo mzima, msemo huu ni utani wa kawaida, cheka nao. Ila ukimsimulia wakili jinsi polisi walivyokuhoji, usiutumie kirahisi. Nimeshuhudia wakili akisimamisha mazungumzo hapo hapo kuuliza kama mteja wake alipigwa, kumbe alimaanisha maswali yalikuwa mengi tu. Mweleze ulihojiwa kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, nani alikuwamo chumbani, na kama ulipewa maji na nafasi ya kulala.