Ofa ya Ubelgiji kwa mshambuliaji wa miaka 17

Mdogo wangu, umesema una miaka 17, unacheza namba 9, na kuna mtu anataka umlipe akupeleke majaribio Ubelgiji. Usitoe hata shilingi. Kanuni za FIFA haziruhusu uhamisho wa kimataifa kabla ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache, kama mzazi kuhamia huko kwa shughuli zisizohusu soka. Hata ukifunga mabao matatu kwenye majaribio hayo, usajili utakwama.

Litafute jina lake kwenye orodha ya mawakala wenye leseni katika tovuti ya FIFA. Halimo? Achana naye. Likiwemo, barua ya mwaliko itoke klabuni, na uwapigie wenyewe kuthibitisha.

Tazama njia ya Mbwana Samatta, mshambuliaji wa Tanzania: Simba, TP Mazembe ya Kongo mwaka 2011, ubingwa wa klabu za Afrika 2015, ndipo Genk ya Ubelgiji Januari 2016, akiwa na miaka 23. Mabao yake yalishajulikana.

Na ukishasaini huko, mishahara ya miezi miwili isipolipwa, iandikie klabu ukiipa angalau siku 15. Zikipita bila malipo, una haki ya kuvunja mkataba. Ukiondoka kimyakimya, wao ndio wanaweza kukudai fidia.