Wapya wa chemba, acheni kufuta viputo

Wadogo zangu mnaopima methani kwa chemba (chombo kilichopinduliwa, kinachoelea na kunasa gesi itokayo majini) kwenye mabwawa ya majitaka ya hoteli huku Malindi, majedwali yenu yanatia uchungu. Mistari imefutwa, pembeni mmeandika "data mbovu". Haya, tuanze upya.

1. Ukingo wa chemba uzame sentimita 3 hadi 5. Ukielea juu zaidi, upepo wa kusi unapochafua maji, hewa ya nje huingia kwa chini.

2. Vuteni gesi ya chemba kwa sindano dakika ya 0, 10, 20 na 30, muitie kichupani. Kichupa kijazeni kipite shinikizo la hewa, ili kikivuja kitoe, kisivute.

3. Hapa ndipo penye kidonda. Methani imepanda polepole, halafu kati ya dakika ya 20 na 30 imeruka mara tano. Mstari wa grafu haunyooki, R mraba (kipimo cha jinsi nukta zinavyoufuata mstari) imeanguka, nanyi mnafuta. Jamani! Hicho ni kiputo kimetoka kwenye tope. Katika bwawa lisilo na oksijeni, sehemu kubwa ya methani hutoka hivyohivyo, kwa mripuko. Ukiifuta, umeipunguzia hoteli madhambi yake bila kuombwa.

Kabla ya kufuta, angalia kaboni dioksaidi ya kichupa hichohicho. Kiputo kimejaa methani, kaboni dioksaidi ni kidogo, kwa hiyo methani huruka na mwenzake hatikisiki sana. Chemba ikivuja, zote hushuka pamoja. Ila kuna kiputo cha uongo: mmeingia na kidau, mkachokonoa tope kwa upondo. Hicho ni chenu, si cha bwawa, kifuteni. Fungeni kamba ng'ambo hadi ng'ambo, chemba ivutwe mkiwa nchi kavu. Na nusu saa haitoshi kunasa viputo; tegeni faneli iliyopinduliwa chini ya maji kwa saa 24.

4. Mkigeuza ujazo wa gesi kuwa uzito, kumbukeni: kwa nyuzi 30, moli moja (kipimo cha wingi wa chembe) ya gesi hushika lita 24.9. Ile 22.4 mliyokariri shuleni ni ya nyuzi sifuri, na itawazidishia jibu kwa asilimia 11 hivi.

5. Nitrasi oksaidi itafuteni kwenye tangi linalopulizwa hewa. Kilo yake moja ni sawa na kilo 273 za kaboni dioksaidi kwa miaka 100, basi msiibahatishe. Chemba iliyozibwa hapo itainuliwa na hewa. Tumieni yenye tundu la kutolea, na kila sindano iandamane na kipimo cha lita zinazotoka kwa dakika. Bila lita hizo, ppm zenu (sehemu za gesi katika milioni ya hewa) hazina cha kuzidishwa nacho.