Mume Wangu Asema Mieleka ni Maigizo, Nimpeleke Mwanangu?

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi ni mama, naishi Leicester. Mwanangu wa kiume ana miaka 10, na tangu mwaka jana hana habari na katuni, ni mieleka tu asubuhi na jioni. Amening'ang'ania nimpeleke akaione kwa macho. Babake anasema ni kutupa pesa, kwamba wale watu wanaigiza na mshindi wanamjua kabla ya kupanda ulingoni. Mimi nachelea matusi na vurugu. Wewe uliwahi kuandika humu kwamba unaipenda mieleka. Nishauri kwa dhati.
*Mama wa Mvulana, Leicester*

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Mpeleke.

Baba mtoto hajakosea. Mshindi hupangwa, na wenye kazi yao hawafichi tena. Mwaka 1989 kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani iliyokuwa ikiitwa WWF, leo WWE, ilikiri mbele ya wabunge wa jimbo la New Jersey kwamba mieleka yake ni burudani, si mashindano, ili iondokane na masharti na kodi za tume ya michezo. Hilo limekwisha.

Lakini taarabu ikipigwa harusini, nani hayajui maneno ya wimbo? Tumeyasikia kwenye kaseti mara mia. Bado kina mama huinuka na noti mkononi wakamtunze mwimbaji kwa ule ubeti mmoja, na mwimbaji akiona hivyo huurudia. Mieleka ya ana kwa ana iko hivyo. Walio ulingoni wanakusikiliza. Wakiona ukumbi umelala, hubadilisha mwendo. Wakisikia umeamka, huchelewesha pigo linalofuata ili watu wazidi kupanda. Nyumbani mwanao anatazama. Kule ndani atakuwa na kazi ya kufanya.

Mimi nimekulia Majengo, Mombasa, na mieleka tuliitazama kwa jirani, watoto tumelundikana sakafuni mpaka mlangoni. Tulikuwa na maneno mawili tu, steringi na adui, na hatukuhitaji la tatu. Kanda ya SummerSlam ya 1992, onyesho kubwa la WWF, ilitufikia karibu mwaka mzima baadaye. Ilikuwa Wembley, tarehe 29 Agosti, watu zaidi ya 80,000 kwa hesabu ya waandaaji. Davey Boy Smith, Mwingereza, alikuwa anamkabili Bret Hart wa Kanada, na Davey Boy alikuwa amemwoa dada yake Bret. Mashemeji wawili wanagombea mkanda mmoja wa ubingwa! Hakuna aliyehitaji kutueleza uzito wa jambo hilo. Davey Boy aliposhinda, picha ilikuwa imejaa mistari, lakini ule mngurumo wa watu ulitoka kwenye runinga safi kabisa. Nilitaka siku moja niwe ndani ya sauti ile.

Ikachukua miaka 30. Onyesho kubwa namna ile halikurudi kwenye uwanja wa Uingereza mpaka Clash at the Castle, jijini Cardiff, tarehe 3 Septemba 2022. Mimi naishi Bristol, kwa treni si hata saa nzima, na nilikwenda na binti yangu, wakati huo ana miaka 11. Tulikuwa watu 62,296. Viti vyetu vilikuwa juu sana, ulingo tunauona kama kisanduku cha kiberiti chini ya taa.

Nikueleze pambano moja tu, maana ndilo nililotaka mume wako alione. Gunther wa Austria, mwenye mkanda, na Sheamus wa Ireland. Kabla ya kengele, wenzao walikwisha kuvamiana huku na huku nje ya kamba. Wao wawili hawakugeuza hata shingo. Walisimama katikati ya ulingo, wanaangaliana, na zogo lote lile linapita kando yao. Uwanja mzima ulisimama, na hakuna aliyekuwa amerusha hata ngumi moja.

Halafu Gunther akaanza yale makofi yake ya kifuani. Sheamus ni mweupe sana, mweupe wa karatasi. Kofi la kwanza likaacha alama ya vidole. La tano, kifua kimekuwa chekundu. Baadaye kilikuwa rangi ya zambarau na ngozi imevimba, skrini kubwa zinatuonyesha kila mstari. Kutoka kule juu nilikuwa naona mkono umefika, kisha mlio unafuata nyuma yake kidogo, kama unapomwangalia mtu anapasua kuni ng'ambo ya bonde. Zamu ya Sheamus ilipofika, alimbana mwenzake kwenye kamba na kumtwanga kifuani, na kila pigo tukawa tunalihesabu kwa sauti moja, watu elfu sitini, moja, mbili, tatu, mpaka kumi na zaidi. Binti yangu alisimama juu ya kiti anahesabu mpaka sauti ikamkauka. Sheamus alishindwa. Alipobaki peke yake ulingoni uwanja ulimpigia makofi muda mrefu, ukimshukuru mtu aliyeshindwa. Mwambie babake mtoto kwamba matokeo yalipangwa, ila kile kifua hakikupangwa na mtu.

Kuna na mengine ya usiku ule. Dominik, mtoto wa Rey Mysterio, alimgeuka baba yake mzazi na kumwangusha mbele ya watu wote, na binti yangu akashika mdomo: "Baba, amempiga babake!" Mwishoni Drew McIntyre wa Scotland alimlaza Roman Reigns, mwamuzi anahesabu, na mimi nilikwisha kuamini, kumbe mkono ukatoka nje ya ulingo ukamvuta mwamuzi mguu. Alikuwa ndugu yake Reigns, Solo Sikoa. Reigns akashinda. Binti yangu alilia machozi ya kweli. Njiani kwenda kituoni, kwenye foleni ndefu ya treni, bwana mmoja mtu mzima aliyevaa ile sketi ya Kiskoti alimwona na kumwambia na yeye ana uchungu vilevile. Wakaongea mieleka mpaka treni ikaja. Mtu hawezi kuninunulia jambo kama lile kwa pesa.

Sasa hofu yako. Kuzomea kupo, tena ndiyo sehemu ya shughuli: adui akizomewa anajua kazi yake imefika. Matusi ya hapa na pale utayasikia, hasa watu wakishakunywa, kwa hiyo ukiweza chagua viti vya upande wenye familia nyingi. Ugomvi baina ya mashabiki sijauona hata siku moja, na nimekwisha kwenda mara nyingi, kwa sababu hakuna timu mbili zilizokuja kushindana jukwaani. Mzibie masikio mwanao kwa vile vizuizi vya sauti vya watoto, maana fataki za kuingilia zinapasua kichwa.

Na kama tiketi za WWE zinakushinda, usikate tamaa. Mieleka ya nchi hii ni ya zamani. Wazee wa huko watakusimulia Jumamosi za ITV, runinga ya hapa Uingereza, na wanamieleka kina Big Daddy na Giant Haystacks, mpaka kipindi kilipoondolewa mwaka 1988. Mpaka leo yapo maonyesho ya kumbi ndogo, kama yale ya York Hall kule Bethnal Green, London, na mengine kwenye kumbi za mitaa miji mingi tu. Ningekuwa wewe ningeanzia huko. Unakaa hatua chache kutoka kwenye kamba. Mtu akianguka, zile mbao zilizo chini ya turubai zinalia mpaka unazisikia kwenye miguu ya kiti chako, na pumzi inavyomtoka unaisikia pia. Mpeleke na babake. Mkalishe mstari wa mbele, wala usimwambie lolote.

SWALI: Wanangu wawili wanarukiana kutoka juu ya kitanda wakisema wanafanya mieleka. Niwakataze kuitazama kabisa?
*Baba Mwenye Hofu, Mombasa*

JIBU: Waache watazame, ila kurukiana wakomeshe leo. Wana mieleka huanza kwa kujifunza kuanguka tu, siku baada ya siku: kidevu kifuani, mgongo wote utue pamoja, mikono ipige chini. Na bado huvunjika. Mwaka 1999, mjini Kansas City, Owen Hart, mdogo wake yule Bret niliyemtaja hapo juu, alifariki alipoanguka kutoka juu ya ukumbi akiwa anashushwa ulingoni kwa kamba. Kaa nao, uwasimulie kisa hicho kwa upole, bila kuwatisha. Watoto wanaopenda kitu husikiliza habari zake.

SWALI: Huku kwetu Uganda vijana wanapigana mieleka kwenye tope kule Mukono. Wenzangu wananicheka nikienda kuangalia, wanasema mieleka ya kweli ni ya Marekani. Wewe unaonaje?
*Kijana wa Kampala*

JIBU: Naona wivu, ndugu yangu, kwa sababu mimi hao wa Soft Ground Wrestling nimewaona kwenye simu tu. Ulingo wao ni miti iliyochimbiwa ardhini, na badala ya turubai ni tope, maana ulingo wa kisasa ni ghali, na tope huwapunguzia kishindo. Tangu 2023 video zao zimezunguka dunia, na waliowashangilia ni pamoja na watu wa huko huko Marekani. Kinshasa nako wanayo yao, wanaiita *catch*, wapiganaji wanapita mitaani na ngoma kabla ya pambano, wengine na dawa zao mkononi, na mtaa mzima unawafuata nyuma. Wale wa Mukono wanaruka kutoka juu ya mti na kutua kwa mgongo kama wanavyofanya wa kwenye runinga, tena wakiwa na viatu vilivyochakaa. Nenda. Kaa karibu, ujue utarudi na tope kwenye shati. Kisha niandikie nani steringi wako, na adui ni nani, na watu walimzomea kwa maneno gani. Hayo maneno hasa ndiyo nayataka.