Nimemkasirikia mtu aliyeteswa

SWALI: Ndugu Mhariri, mwalimu mwenzangu hapa Ifunda aliniazima kitabu cha mwisho cha Primo Levi, Myahudi wa Italia aliyenusurika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Humo anaeleza kuwa Agosti 1944, katika joto kali na kiu isiyovumilika, alikuta bomba lenye maji yapatayo lita moja katika chumba cha chini ya ardhi, akayanywa kwa siri pamoja na rafiki yake Alberto. Mwenzao Daniele, aliyewaona akabaini, hakupewa. Miezi kadhaa baadaye, walipokwisha kukombolewa, Daniele alimwuliza kwa nini wao wawili na si yeye. Nilikasirika hata nikakifunga kitabu, kisha nikaona haya kwamba hasira yangu ilimwangukia mteswa badala ya watesi wake. Je, moyo wangu una kasoro? Tena, wazee hapa husimulia habari za Wapolandi waliokaa kambini Ifunda wakati wa vita vile. Je, nao walitoka katika makambi hayo? – Mwalimu, Ifunda.

JIBU: Ndugu Mwalimu, nianze na swali la pili kwa kuwa halina utata. Wapolandi waliokaa Ifunda, na wale wa Kidugala upande wa Njombe, wengi wao walikuwa Wakatoliki waliohamishwa kwa nguvu na Wasovieti mwaka 1940 na 1941 kutoka mashariki mwa nchi yao, wakapelekwa Siberia na Kazakhstan, na baadaye wakapitia Iran hadi kufika Tanganyika. Mateso yao yalikuwa makubwa, lakini watesi wao walikuwa wengine.

Kuhusu hasira yako, sioni kasoro, kwa sababu aliyekuwekea mkasa huo mbele ya macho ni Levi mwenyewe. Angeweza kuunyamazia, badala yake aliuandika katika kitabu kilichotoka mwaka 1986, zaidi ya miaka arobaini baada ya tukio, na akakiri kwamba hajaweza kuamua kama aibu anayoihisi ni ya haki, ila aibu ipo. Anajiuliza hata kama angepaswa kukiambia kikosi kizima cha kazi, na anakiita alichochagua ubinafsi uliopanuliwa kidogo tu ili umfikie rafiki wa karibu. Umekasirika, basi, mahali ambapo yeye mwenyewe hajawahi kutulia, na hilo kwangu ni dalili kwamba umesoma kwa makini.

Ninalokuomba ni kuitazama vizuri ile kiu. Haikuletwa na ukame. Hapakuwa na maji ya kunywa kambini, na wafungwa walitegemea supu ya jioni na kahawa bandia, ambazo katika joto lile hazikutosha. Waliopanga hivyo ndio walioligeuza bomba lenye lita moja kuwa mtihani wa utu kati ya marafiki, wakati wao wenyewe hawakuulizwa lolote na Daniele.

Usikimbilie, hata hivyo, kumsamehe Levi, kwani hakuomba msamaha wetu. Rudi nyuma sura moja, pale anapoeleza eneo la kijivu, yaani habari za wafungwa waliopewa mamlaka kidogo juu ya wenzao. Hapo anatuonya tusiwe wepesi wa kuhukumu, na papo hapo anakataa katakata kuwachanganya wauaji na wahanga. Ukiisoma sura hiyo kwanza, kisha ukarudia ile ya maji, nadhani hasira itabaki, lakini utajua ni kiasi gani chake kinamhusu Levi.