Mashavu yamejaa, nimwachishe mtoto prednisoloni?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa miaka mitano aliamka macho yamevimba hayafunguki, mkojo una povu. Hospitali wakasema ni figo, wakamwanzishia prednisoloni, vidonge kadhaa kila siku. Uvimbe umeisha, lakini baada ya mwezi mmoja mashavu yamejaa, anakula bila kushiba, usiku halali. Mama mkwe anasema ni sumu, nimwachishe. Nifanyeje? Mama Z., Tanga

JIBU: Marahaba mama. Nakuomba sana, usimwachishe.

Figo za mwanao zilikuwa zinavujisha protini; lile povu ndilo hilo. Prednisoloni huzuia uvujaji huo, na watoto wengi hupata nafuu ndani ya wiki 4. Mashavu yanatokana na dawa, nayo hupungua dozi ikishushwa. Ukihofia kwamba uvimbe wa maji umerudi, mbonyeze kwa kidole gumba juu ya mfupa wa ugoko kwa sekunde chache. Ukiachia pakabaki shimo, mpeleke hospitali.

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayotengeneza kotisoli, homoni ya mwili inayofanya kazi kama dawa hii. Akimeza vidonge kwa wiki kadhaa, tezi hulala. Ukikatisha ghafla, mtoto anabaki hana kotisoli ya kumtosha: analegea, anatapika, sukari na presha zinashuka, na anaweza kufa. Ndiyo maana daktari hupunguza dozi kidogo kidogo. Hata akitapika dawa tu, rudini hospitali.

Mama mkwe mweleze kwa upole, maana hofu yake ina msingi. Dawa za jamii hii huuzwa kiholela kwa wasichana wanaotaka kunenepa, na jambo hilo linaniuma sana.

Dozi ya siku mpe asubuhi, akishakunywa uji. Usiku atalala vizuri zaidi. Punguza chumvi, chipsi na soda. Akipata homa au tumbo likimuuma, usingoje kesho. Akicheza na mwenye tetekuwanga, mpeleke siku hiyo hiyo, hata kama hana kipele. Kabla ya chanjo yoyote, mwambie muuguzi anatumia nini, kwani ya surua huenda ikasubiri.

Omba pia vijiti vya kupimia mkojo. Pima kila asubuhi, andika kwenye daftari. Protini ikisoma alama tatu za kujumlisha (+++) kwa siku tatu mfululizo, nenda kliniki hata kama tarehe yenu haijafika.