Maswali ya Wasomaji: Picha Ipo, Sauti ya Sherehe Haipo

SWALI: Ndugu Mshauri, salaam kutoka Newala. Kazi yangu ni kupiga video za harusi na shughuli za familia. Wiki mbili zilizopita nilirekodi sherehe ya kutolewa kwa mwali katika kijiji kimoja cha huku kwetu, karibu saa 3 za ngoma na nyimbo. Nilipoingiza faili katika programu ya kuhariri, picha zilikuja vizuri lakini sauti haikuja kabisa. Hata mstari wa sauti chini ya picha haupo. Faili hizo hizo nikizifungua kwa VLC, programu ya kuchezea video, sauti inasikika. Majina yake yanaishia na herufi MTS, na nilizinakili moja moja kutoka katika folda iitwayo STREAM. Kamera ni ileile ya miaka yote, ila mwezi uliopita kompyuta iliharibika na fundi akaniwekea Windows 11 upya. Familia inadai kazi yake, nami nimeanza kufikiria kuweka muziki mwingine juu ya picha. Nifanye nini?
Mpiga video, Newala

JIBU: Ndugu msomaji, nakuomba usiweke muziki mwingine. Nyimbo walizoimba kina mama siku ile zilitungwa kwa ajili ya mwali yule na ukoo ule, na hakuna atakayeweza kuziimba tena kama zilivyoimbwa, kwa hiyo video isiyo nazo haitakuwa kumbukumbu ya sherehe hiyo. Tena sauti hiyo unayo. Kusikika kwake katika VLC ni ushahidi kwamba kamera na maiki vilifanya kazi, na kwamba kinachokosekana kiko ndani ya kompyuta yako.

Faili za MTS ni za mfumo wa AVCHD, ambao Sony na Panasonic waliutangaza mwaka 2006. Ndani ya kila faili picha imefungwa kwa namna moja, na sauti, katika kamera nyingi za aina hiyo, imefungwa kwa namna nyingine iitwayo Dolby Digital, au AC-3. Ili isikike ni lazima kuwepo kitu cha kuifungua, kama vile televisheni inavyohitaji king'amuzi. VLC huja na vifunguzi vyake yenyewe. Programu kadhaa za kuhariri hazina cha kwao kwa sauti ya AC-3, bali hutegemea kile kilichomo katika Windows. Na kuanzia toleo la 24H2 la Windows 11, kompyuta inayowekewa mfumo huo upya haiji tena na kifunguzi cha AC-3, ingawa iliyopandishwa kutoka toleo la nyuma hubaki nacho. Nadhani hapo ndipo fundi wako alipokuachia tatizo bila yeye mwenyewe kujua, maana kamera haikubadilika na programu haikosi picha.

Kukosekana kwa mstari wa sauti ni dalili muhimu, na wasomaji wengine waizingatie. Mstari usipokuwepo kabisa, mara nyingi programu imeshindwa kuifungua sauti. Mstari ukiwepo lakini umenyooka bila mawimbi, kagua maiki na chaneli iliyotumika. Yupo pia anayerekodi kwa mwendo wa polepole, ambao katika kamera nyingi haurekodi sauti hata kidogo. Huyo hana cha kutafuta.

Dawa yako ni kuigeuza sauti peke yake na kuiacha picha kama ilivyo. Weka programu ya bure iitwayo FFmpeg, fungua dirisha la amri katika folda yenye faili zako, kisha andika, ukiweka jina la faili lako mahali pa 00003:

ffmpeg -i 00003.MTS -c:v copy -c:a pcm_s16le 00003.mov

Neno «copy» linaagiza picha inakiliwe bila kuguswa, na «pcm_s16le» linaagiza sauti ifunguliwe na kuwa PCM, sauti isiyobanwa ambayo programu za kuhariri huisoma bila shida. Kwa kuwa picha haisimbwi upya, ubora wake haupungui na kazi huisha haraka. Kinachoongezeka ni ukubwa: saa 1 ya sauti ya stirio kwa kipimo cha 48,000 Hz huchukua karibu MB 690, hivyo kwa saa zako 3 andaa nafasi ya ziada ya takribani GB 2. Asiyependa kuandika amri atumie Shutter Encoder, ambayo nayo ni ya bure. Sikushauri HandBrake kwa kazi hii, kwa sababu husimba picha upya kila mara.

Kuhusu kunakili faili moja moja, tafadhali acha desturi hiyo. Kadi ya SD ya GB 32 kwa kawaida hutumia mpangilio wa FAT32, usiokubali faili moja kufikia GB 4, kwa hiyo kamera hulikata tukio refu vipande vipande, nyingine hata kila GB 2. Na maelezo ya jinsi vipande hivyo vinavyoungana yamo katika folda nyingine, nje ya STREAM. Ukivichukua vipande vitupu, wimbo unaweza kuruka kidogo pale kipande kimoja kinapoishia na kingine kuanza, na anayecheza ngoma atalisikia pengo hilo mara moja. Nakili folda yote ya PRIVATE au AVCHD kama ilivyo kwenye kadi.

Kama kadi ya siku ile bado haijafutwa, anzia hapo leo. Weka nakala mbili katika diski mbili tofauti, sikiliza kila faili mwanzo, katikati na mwisho, na usiifomati kadi hiyo hata ukiitwa kwenye harusi Jumamosi hii; azima nyingine.